Kabla ya Kisu, Vidole

Daktari anayeijua shingo humpima mgonjwa akiwa amesimama nyuma yake. Mgonjwa anakaa kitini, anashusha kidevu kidogo ili misuli ilegee, na vidole vya mikono miwili vinaanza kutembea: chini ya kidevu, kwenye pembe ya taya, kushuka kando ya ule msuli mrefu utokao nyuma ya sikio hadi kifuani, juu ya mtulinga, kisha kisogoni. Kulia na kushoto kwa wakati mmoja, kwa sababu kipimo cha kwanza cha shingo ni shingo yenyewe: upande mzima ndio unaoeleza upande mgonjwa una nini. Hakuna mashine iliyowashwa bado. Mtu aliyeamka alfajiri kuwahi namba anaweza kuona kama muda wake unapotea, kumbe nusu ya kazi inafanyika hapo.

Naandika kuusifu ustadi huu, hasa pale unapokutana na uvimbe ulio adimu kuliko karibu wote, ule unaoota kwenye njiapanda ya mshipa mkuu wa kupeleka damu kichwani. Wapo madaktari wa upasuaji wanaostaafu bila kuugusa hata mmoja. Haufikii asilimia 1 ya uvimbe wote wa kichwa na shingo. Uvimbe huo unamdai daktari jambo gumu kufundishika: kujua ni wapi asibinye, ni lini asichome, na ni kiasi gani asikate.

Tuseme mgonjwa ni mama muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam. Aliuona uvimbe miaka kadhaa iliyopita alipokuwa akivaa mkufu kwa ajili ya harusi: kidonge chini ya taya la kushoto, hakiumi, hakiwashi. Biashara haingoji. Jirani wa meza alisema ni mtoki, utapoa. Mwingine akasema ni rovu, kula chumvi yenye madini joto. Duka la dawa likampa vidonge vya siku 5. Nyumbani wakamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, na wifi yake akamtajia mzee mmoja anayechanja chale na kupaka dawa ya unga. Simlaumu hata mmoja wao. Kila mtu alitoa alichonacho, na alikitoa kwa upendo. Lakini kuukanda uvimbe huu kuna hatari yake. Kwenye njiapanda ile pana kihisio cha shinikizo la damu, na ukikibinya kwa nguvu moyo hupunguza mapigo ghafla, mtu akaanguka kwa kizunguzungu. Chale juu ya mshipa ule sitaki hata kuifikiria.

Kutoka Kariakoo hadi hospitali ya Muhimbili hazizidi kilomita 3. Kwa wagonjwa wa aina hii safari hiyo huchukua miaka, maana kitu kisichouma hakimtoi mtu kwenye meza yake. Na uvimbe wenyewe hauna haraka: kwa kawaida hukua wastani wa milimita 1 kwa mwaka.

Hospitali anayofika ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na udaktari ulianza kufundishwa mjini hapa mwaka 1963, katika shule ambayo kizazi chake leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kwa hiyo kwenye kliniki ya Masikio, Pua na Koo asishangae kumwona daktari bingwa ana vijana wawili watatu pembeni yake. Mmoja wao ndiye atakayeanza. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Halafu maswali. Umeanza lini? Unapata homa za jioni, jasho la usiku? Nguo zimekupwaya? Chakula kinakwama? Sauti ni ile ile? Moyo unakwenda mbio bila sababu, ukitoka jasho na kichwa kuuma? Hili la mwisho linaonekana limetoka mbali, lakini uvimbe wa jamii hii mara chache humwaga ndani ya damu kemikali zinazopandisha presha, na mgonjwa wa namna hiyo akipewa nusu kaputi bila kuandaliwa anaweza kufia mezani.

Katika nchi yetu daktari huanza na yaliyo mengi, na ni sawa. Uvimbe mwingi wa shingoni unaofika kliniki ni kifua kikuu cha tezi, au rovu, au saratani ya tezi za mitoki, au saratani iliyojificha kooni na nyuma ya pua ikatuma watoto wake shingoni. Ndiyo maana daktari wa fani hii haiamini shingo kabla hajachungulia ndani ya kinywa, koo na uwazi ulio nyuma ya pua. Uvimbe adimu huja umevaa sura ya hawa wa kila siku, na kuutambua kunataka mtu aliyewapima wa kila siku wengi kiasi kwamba mkono wake unashtuka ukikutana na mgeni.

Hapo ndipo vidole vinaponivutia zaidi. Mama anapewa maji. "Meza, mama." Rovu hupanda na kushuka mtu akimeza, kwa kuwa tezi hiyo imeshikamana na koromeo, uvimbe wa huyu haukupanda. "Toa ulimi nje." Mfuko wa maji unaobaki katikati ya shingo tangu mtoto akiwa tumboni huvutwa juu ulimi ukitolewa, huu haukuvutwa. Kisha daktari anaushika uvimbe kwa kidole gumba na cha shahada, anausukuma kuelekea kwenye koo, anaurudisha kuelekea sikioni. Unakwenda. Anaujaribu kwenda juu, kisha chini. Unakataa. Tofauti hiyo ndogo, ya kukubali kulia na kushoto na kukataa juu na chini, vitabu huiita alama ya Fontaine, na maana yake ni kwamba kitu hiki kimekaa juu ya kamba inayopita wima. Shingoni kamba ya wima yenye unene wa kuweza kukizuia hivyo ni mshipa wa karotidi.

Vidole vinatulia juu yake, vinasikiliza. Je, uvimbe unadunda? Na kama unadunda, unavisukuma vidole pande zote, kama mshipa uliovimba wenyewe, au unavinyanyua tu kwa sababu umelalia mshipa? Kisha stetoskopu inawekwa, mgonjwa anaambiwa abane pumzi kidogo. Wakati mwingine husikika mvumo mwembamba wa damu inayopita kwa kasi. Dakika moja ya ukimya, na daktari amekwisha kujua zaidi ya ambavyo angeelezwa na sindano.

Bado hajamaliza. Anamwambia mama atoe ulimi tena, safari hii akitazama kama umepinda upande mmoja. Apandishe bega dhidi ya mkono wa daktari. Daktari anatazama kope: moja imelegea kuliko nyingine? Mboni ya jicho la upande ule ni ndogo? Mama atamke maneno marefu, isikike kama sauti inakwaruza. Kila kimoja katika hivi kina mshipa wake wa fahamu, na mishipa hiyo inapita sentimita chache tu kutoka kwenye uvimbe. Majibu yote yanaandikwa kwenye faili kwa tarehe. Nalipenda sana jambo hili, kwa uaminifu wake: baada ya upasuaji, ulimi ukionekana umepinda, pawe na maandishi ya kusema kama ni uvimbe uliofanya hivyo au ni kisu.

Uvimbe wenyewe unatoka wapi? Pale karotidi inapogawanyika, tawi moja kwenda ubongoni na jingine usoni, pana kiungo kidogo cha urefu wa milimita 5 hivi. Kazi yake ni kuionja damu inayopita na kuuarifu ubongo kwamba oksijeni imepungua, pumua zaidi. Mbelgiji Corneille Heymans alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha jinsi vihisio vya mishipa mikubwa vinavyotawala upumuaji. Kwa watu wanaoishi maisha yao yote kwenye miinuko mirefu, kama milima ya Andes huko Peru, kiungo hicho hakipumziki. Kinanenepa, na uvimbe wake huko si adimu kama kwingine. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Lakini Kariakoo ni mji wa watu wa kila mkoa na kila mwinuko, tena zipo familia ambazo ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo bila kujali mtu anaishi wapi. Mwaka 2000 watafiti walitambua jeni moja inayouleta, na tabia yake ni ya ajabu: mtoto akiirithi kwa baba huweza kuugua, akiirithi kwa mama kwa kawaida haugui ila hubeba tu. Kwa hiyo swali la daktari mjuzi huwa na mwelekeo. Upande wa baba, mama, je, babu, shangazi, baba mkubwa, kuna aliyekuwa na uvimbe shingoni? Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mama anamkumbuka shangazi aliyejifunga mtandio hata nyumbani.

Sasa sindano. Sindano nyembamba ya kunyonya seli ni zana ninayoiheshimu sana katika hospitali zetu. Haihitaji chumba cha upasuaji wala nusu kaputi. Mtaalamu wa patholojia anachoma, ananyonya, anapaka kwenye kioo, anatia rangi, anaangalia kwa hadubini, na maelfu ya watu wamepata dawa ya kifua kikuu kwa njia hiyo bila kukatwa. Ni nzuri kiasi kwamba mkono wa daktari mchanga huikimbilia. Kwa uvimbe huu sindano hutoa damu tupu, au inaacha damu ikivuja ndani na baadaye kovu linalogandisha uvimbe kwenye mshipa, mahali pale pale ambapo mpasuaji atahitaji kutenganisha. Kukatwa kipande cha nyama kwa ajili ya kupima ni hatari zaidi. Bingwa hapa anaiweka sindano chini na kuagiza picha. Sijui tendo la kitabibu linalohitaji ujasiri wa kimya kuliko hilo: mgonjwa anataka jibu leo, foleni iko mlangoni, kipimo cha bei nafuu kipo mkononi, na daktari anasema tungoje.

Picha ni altrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi, na baada yake CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Matawi mawili ya karotidi, ambayo kwa kawaida hupanda yakiwa jirani, yanaonekana yametanuliwa, na katikati yao kitu kinang'aa kwa wingi wa damu. Tangu mwaka 1971 madaktari hutumia ngazi 3 za Shamblin: ya kwanza uvimbe ni mdogo na unabanduka kwa urahisi, ya pili umeukumbatia mshipa kwa sehemu, ya tatu umeuzunguka na kuumeza. Ngazi hizo ndizo zinazoamua ni nani aitwe chumbani na chupa ngapi za damu ziwekwe tayari. Katika uwanja huo huo wa Muhimbili ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, na kwa ngazi ya tatu mpasuaji wa shingo hufanya vizuri kuwa na mpasuaji wa mishipa ya damu ubavuni mwake tangu mwanzo, kuliko kumwita wakati damu imekwisha kujaa.

Waliotangulia walilipia elimu hii kwa roho za watu. Mwaka 1880 mpasuaji Riegner alijaribu kuutoa uvimbe huu na mgonjwa akafa. Mwaka 1886 Maydl aliutoa, mgonjwa akabaki hai, lakini amepooza upande mmoja na maneno yamempotea. Mwaka 1889 Albert aliutoa bila kuufunga mshipa. Zama hizo hizo huko Bern, Uswisi, Theodor Kocher alikuwa akiufanya upasuaji wa rovu, uliokuwa ukiua watu wengi mno, kuwa kazi ya utulivu: taratibu, usafi, kila mshipa unaovuja unafungwa kabla ya kusonga mbele. Vifo vikashuka hadi chini ya asilimia 1. Watu wake walikuwa wa milimani penye udongo usio na madini joto, kama wa Nyanda zetu za Juu Kusini. Ninachomheshimia zaidi ni kwamba aliwaita tena wagonjwa aliowatoa tezi yote, akakuta wengi wamezubaa na kudhoofika, akatangaza hadharani mwaka 1883 kwamba kuondoa yote kulikuwa kunawaharibu. Tangu hapo akaacha sehemu. Nobel alipewa mwaka 1909, na koleo lenye jina lake bado liko kwenye sinia za vyombo vya upasuaji hadi leo.

Siku ya upasuaji mama amelala chali, mabega yameinuliwa kidogo, uso umegeuzwa kulia. Mkato unafuata mkunjo wa ngozi ili kovu lijifiche. Chini ya ngozi msuli mwembamba, chini yake ule msuli mrefu, unavutwa kando. Mshipa wa vena unaokatiza njia unafungwa mara mbili na kukatwa. Kisha inaonekana karotidi yenyewe, nyeupe inayoelekea uwaridi, ikidunda. Kabla ya kuugusa uvimbe, mpasuaji anapitisha vitanzi laini vya mpira chini ya mshipa mkuu na chini ya kila tawi, ili mambo yakiharibika avute na kuizuia damu mara moja. Anautafuta mshipa wa fahamu wa ulimi unaokatiza juu ya njiapanda, anaunyanyua kwa uzi laini. Anautafuta ule wa sauti ulio nyuma. Muuza vitenge anaita wateja kutwa nzima kwa sauti hiyo. Ndiyo mtaji wake, na mpasuaji anayejua mgonjwa wake anafanya kazi gani hukumbuka hilo akiwa na mkasi mkononi.

Ndipo kazi yenyewe inapoanza. Aliyewahi kusimama mbele ya mkokoteni wa machungwa Kariakoo ameuona ustadi wa jamii hii: muuzaji analizungusha chungwa kwenye kisu kikali, ganda la kijani linatoka utepe mmoja mrefu, na ule utando mweupe unabaki mzima bila tone la maji kutoka. Ukuta wa ateri una matabaka matatu, na uvimbe umeshikamana na la nje. Mwaka 1940 Mwingereza Gordon Gordon-Taylor alieleza kwamba kati ya tabaka la nje na la katikati kuna mstari mweupe, na anayeufuata mstari huo anaubandua uvimbe bila kuutoboa mshipa. Ukipita juu kidogo, unaingia ndani ya uvimbe na damu inafunika kila kitu. Ukipita chini kidogo, umefungua njia ya damu ya ubongo. Kati ya makosa hayo mawili pana unene usiofika milimita 1.

Kwa hiyo mkono unakwenda kutoka chini kwenda juu, kidogo kidogo. Kila kishipa kinacholisha uvimbe kinachomwa au kufungwa kabla hakijakatwa. Vingi vinatoka kwenye tawi la usoni, na tawi hilo likibidi linaweza kufungwa lote, maana uso una njia nyingine za damu. Lile la ubongoni linalindwa kwa gharama yoyote. Likichanika, linabanwa, linashonwa, au kipande chake kinabadilishwa kwa mshipa uliochukuliwa pajani, na kila dakika ya kubanwa inahesabiwa kwa sauti. Upande wa kichwani daktari wa usingizi anatazama mapigo ya moyo. Vidole vikisogea karibu na kile kihisio cha njiapanda mapigo yanashuka, naye anasema "ngoja." Wote wanainua mikono. Mapigo yanarudi. Wanaendelea. Kazi ya saa kadhaa inajengwa kwa vituo kama hivyo, na anayetazama asiyejua angedhani wamechoka.

Mama akizinduka, kabla hajaulizwa kama ana maumivu, anaambiwa atoe ulimi. Atabasamu. Akunje ngumi ya kulia. Ataje jina lake. Kinyama kilichotoka kinakwenda patholojia, ambako chini ya hadubini seli zake huonekana zimekaa makundi makundi, kila kundi limezungukwa na vishipa vyembamba. Nyingi za hizi si saratani. Sehemu ndogo ndiyo husambaa.

Na wapo ambao uamuzi bora ni kutowapasua. Mzee dhaifu mwenye uvimbe mdogo anaweza kufuatiliwa kwa picha tu. Mwenye uvimbe pande zote mbili hapasuliwi pande zote kwa pupa, kwa kuwa akipoteza vihisio vya kulia na kushoto presha yake haitakuwa na wa kuituliza. Wengine hupelekwa Ocean Road, kwenye taasisi ya saratani iliyo katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897 kando ya bahari, kwa mionzi inayoweza kuusimamisha uvimbe usikue. Daktari anayemwambia mgonjwa wa namna hiyo "hatutakukata," na kumweleza kwa nini, ametumia ujuzi ule ule wa yule aliyefuata mstari mweupe.

Wewe unayesoma, pitisha vidole shingoni mwako leo, pande zote mbili kwa pamoja. Ukikuta uvimbe uliodumu zaidi ya wiki 3, hata kama hauumi, usiukande, usiuchanje, na usikubali ukatwe kipande kabla haujapigwa picha. Anza kituo cha afya kilicho jirani nawe, na uombe rufaa ya kwenda kliniki ya Masikio, Pua na Koo.